Neno la Mzee Aliyetibiwa Liandikwe
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kasingirima, Ujiji



Mwanachama akiona mizani imempunja, husema papo hapo. Katibu huandika, na mkutano hujibu. Lakini mwanachama huyohuyo, akifikisha miaka 70 na kulazwa hospitalini, hurudi nyumbani na neno moja tu: "Namshukuru Mungu." Hata kama alikaa kwenye benchi tangu alfajiri, hata kama alipewa dawa bila kuelezwa namna ya kuzitumia, huona kulalamika ni utovu wa adabu, au huhofia kwamba akirudi atapokewa vibaya.

Kunyamaza huko kuna hasara. Mzee asiyeelezwa kwamba dawa ya shinikizo la damu humezwa kila siku, huiacha mara ajisikiapo nafuu, na huenda akapooza. Mganga naye, asipoambiwa kasoro, hawezi kuirekebisha.

Wazee wa leo si wageni wa mazungumzo ya afya. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", karibu watu milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana. Wengi waliokuwa vijana wakati ule ndio wazee wa sasa. Tena haki wanayo. Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilielekeza kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Haki isiyodaiwa hubaki katika karatasi.

Hospitali nyingi zina sanduku la maoni. Lakini sanduku husikia wenye kalamu na macho mazima tu. Mzee mwenye mtoto wa jicho, au asiyejua kuandika, hana sauti humo. Hapo ndipo kalamu ya katibu inapohitajika.

Kwanza, amwendee mzee nyumbani, amwulize kwa upole: alingoja muda gani? Alielezwa ugonjwa wake kwa lugha anayoielewa, kiwe Kiswahili au Kiha? Alitozwa nini, na stakabadhi ipo?

Pili, aandike tarehe na mahali bila kutia chumvi, kisha amsomee mzee maneno yake. Jina litajwe kwa ridhaa yake tu, na ugonjwa wake usisomwe mkutanoni.

Tatu, aandike na mema. Muuguzi aliyemshika mzee mkono hadi maabara anastahili kusifiwa.

Nne, barua ipelekwe kwa Mganga Mfawidhi au kamati ya kituo, nakala ihifadhiwe, na jibu apelekewe mzee. Asiyepata jibu hasemi mara ya pili.

Wapo watakaouliza kama hii ni kazi ya ushirika. Ndiyo. Msingi wa saba wa ushirika, uliopitishwa kimataifa huko Manchester mwaka 1995, ni kuijali jamii. Basi kila chama kianze na wazee watatu kabla ya mkutano mkuu ujao, na katibu aeleze mkutanoni barua ngapi zimepelekwa na ngapi zimejibiwa.