GWASSI, UFUONI MWA ZIWA
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka, Merigi)



Sisi wa Merigi ni watu wa baridi na majani ya chai, na pwani kwetu ni habari ya wasafiri. Lakini iko pwani moja ambayo historia yake ni yetu: Gwassi, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, katika Kaunti ya Homa Bay ya leo.

Mwaka 1934 Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha orkoiik, na ukoo mzima wa Talai, watu zaidi ya 700, ukaondolewa Kericho na kupelekwa huko. Serikali iliwaita wachochezi. Mimi naona kosa lao kubwa lilikuwa kusikilizwa na watu. Gwassi palikuwa na joto, mbu na mbung'o. Ng'ombe waliozoea majani ya milimani walikufa. Watu nao walipatwa na homa na malale. Watoto walizaliwa huko wasioijua Kericho ila kwa masimulizi ya mama zao.

Walirudishwa karibu na mwaka 1962. Wengi hawakupata ardhi.

Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikiri kwamba Wakipsigis na Talai walidhulumiwa. Basi ushahidi wahitajika, na waliobebwa migongoni siku zile ni wachache mno. Katibu wetu ameweka daftari. Mwenye jamaa aliyezikwa Gwassi na aandikishe jina lake, jina la babaye, na mahali lilipo kaburi.