Kitabu Kimoja ni Shahidi Mmoja

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, na kupigwa chapa kwa ombi la Halmashauri)



Halmashauri imeniheshimu kwa kunitaka niseme mbele yenu habari ya vitabu vinavyostahili kuwekwa katika sanduku letu la vitabu. Fedha tuliyochanga si nyingi. Wenzetu wengine wameshauri yote itumike kununua vitabu vya mitihani ya kupandishwa cheo, na neno lao lina haki, maana mtu mwenye watoto hawezi kudharau nyongeza ya mshahara. Walakini mimi nasimama kuomba sehemu ya fedha hiyo itengwe kwa ajili ya vitabu visivyo na mtihani, na yanipasa kuwaeleza kwa nini.

Sababu yangu si ya fahari. Mwaka mmoja wa ukame nilikuwa karani katika wilaya ambayo sitaitaja. Tuliulizwa kama watu wana chakula. Nikatazama taarifa ya soko, nikaona mahindi yapo, nikaandika katika rasimu ya jibu kwamba chakula hakikosekani. Rasimu ikapita, ikatiwa sahihi. Sikuuliza debe moja lauzwa kwa bei gani, wala ni nani mwenye fedha ya kulinunua. Kumbe wafugaji walikuwa wameuza ng'ombe waliokonda kwa bei ya kutupa, na vibarua hawakuwa na kazi kwa kuwa mashamba yamekauka. Msaada ulikuja, lakini ulichelewa. Tarakimu nilizoandika zilikuwa za kweli, na jibu langu halikuwa la kweli.

Baadaye mwalimu mmoja aliyesomea uchumi aliniazima kitabu cha Amartya Sen, mwanachuoni wa India, kilichotolewa mwaka 1981, juu ya umaskini na njaa. Humo Sen aichunguza njaa kuu ya Bengal ya mwaka 1943, iliyoua mamilioni ya watu. Aonyesha kwamba chakula kilichokuwapo mwaka ule kilizidi kile cha mwaka 1941, ambao haukuwa na njaa kuu. Lakini bei ya mchele ilipanda mno wakati ule wa vita, na ujira wa kibarua wa shamba haukupanda pamoja nayo. Basi vibarua na wavuvi walikufa, na mchele ulikuwapo. Nilizisoma kurasa zile kama mtu asomewaye shtaka lake mwenyewe.

Tangu siku ile nimejiwekea kanuni mbili, nami nawaletea kwa unyenyekevu.

Kanuni ya kwanza: nikitaka kitabu juu ya jambo fulani, namwendea mtu aliyezeeka katika jambo hilo. Simwulizi kitabu kipi ni kizuri, maana atanitajia kumi. Namwuliza, "Ni kitabu gani kimoja kilichokugeuza fikira?" Kisha namwuliza tena, "Na ni nani ampingaye mwandishi huyo?" Swali la pili ndilo lenye faida zaidi, na aghalabu ndilo lisiloulizwa.

Kanuni ya pili yatoka katika kazi yetu wenyewe. Karani mwema hajibu barua kwa kusoma barua ile moja. Huenda masjala, akatoa faili, akaanza na karatasi ya kwanza, akaona nani alidai na nani alikana. Wazee wetu walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwandishi wa kitabu naye ni mwamba ngoma. Kwa hiyo nashauri vitabu vyetu vinunuliwe viwili viwili, kila kimoja na mwenziwe wa kukijibu.

Nianze na historia. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip na kufariki Unguja mwaka 1905, aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Ni kitabu cha mfanyabiashara: humo mna pembe za ndovu, bunduki, wapagazi na madeni, na vita hutajwa kwa utulivu kama mtu asomaye daftari la duka. Usikiweke chini ukadhani umeijua biashara ile. Chukua na kile cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapwa London mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa watu waliokombolewa utumwani na kukaa Freretown, karibu na Mombasa. Kwa Tippu Tip mtumwa ni sehemu ya safari. Kwa Mbotela ni mzazi wake. Lakini Mbotela naye huvutia ngozi kwake. Shukrani yake kwa Waingereza ni kubwa hata msomaji aweza kusahau kwamba Waingereza nao walivusha watumwa wengi katika bahari ya Atlantiki, mpaka Bunge lao lilipokataza biashara hiyo mwaka 1807. Kwa kuvisoma vyote viwili, utaona pale ambapo kila mmoja amenyamaza.

Na ye yote atakaye kujua vyama vya namna ya chama chetu vilianzaje, asome historia ya Tanganyika ya John Iliffe, iliyotoka mwaka 1979. Humo atamkuta Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga mwaka 1922. Mwenziwe ni kitabu cha Kayamba mwenyewe, alichokiandika kwa Kiswahili juu ya safari yake ya Uingereza ya mwaka 1931, alipokwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Mmoja ni mtaalamu aliyepekua nyaraka. Wa pili ni mtu aliyekuwamo. Hakuna awezaye kufanya kazi ya mwenziwe.

Katika uchumi, mbali na Sen, nataja wawili. Wa kwanza ni Adam Smith, Mskochi, ambaye kitabu chake juu ya utajiri wa mataifa kilitoka mwaka 1776. Ni kirefu, lakini sura za kwanza zamtosha anayeanza. Aeleza habari za kiwanda kidogo cha pini: watu kumi wakigawana kazi huweza kutengeneza pini zaidi ya 48,000 kwa siku, ambapo mtu mmoja peke yake asiyefundishwa kazi hiyo asingefikisha 20. Wa pili ni Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma kilitolewa London na Dar es Salaam mwaka 1972. Smith afundisha jinsi kazi inavyozaa mali; Rodney auliza mali hiyo ilikwenda kwa nani, na mikono iliyoizalisha ilibaki na nini. Amsomaye Smith peke yake aweza kudhani soko halina mabavu. Amsomaye Rodney peke yake aweza kudhani kwamba kila kosa letu lilitoka ng'ambo. Nimewajua watu wa namna zote mbili, na wote ni wagumu kuzungumza nao.

Sasa nagusa dini, na natumaini hakuna atakayeudhika, kwa kuwa katika chama hiki Waislamu na Wakristo huketi benchi moja. Kur'ani Tukufu ilifasiriwa kwa Kiswahili na Godfrey Dale, padre wa misheni ya Unguja, mwaka 1923. Kisha ikatoka tafsiri ya Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya mwaka 1953. Kisha ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy mwaka 1969. Maelezo ya al-Farsy hayafichi kwamba anawajibu waliomtangulia. Hata asiye Mwislamu atajifunza mengi kwa kuona maneno matakatifu yale yale yakipita katika mikono mitatu. Mkristo naye akumbuke kwamba Biblia ya mwaka 1952 iitwayo ya Muungano ilifanywa ili waliosoma kwa Kiswahili cha Unguja na waliosoma kwa Kiswahili cha Mvita wawe na kitabu kimoja.

Juu ya dini za mababu zetu, John Mbiti wa Kenya, padre wa Kianglikana, alitoa mwaka 1969 kitabu juu ya dini na falsafa za Waafrika, kinachokusanya imani za makabila mengi. Muda si mrefu Okot p'Bitek wa Uganda aliandika kuwalaumu wataalamu, na wasomi Wakristo wa Kiafrika pamoja nao, kwamba wameivika miungu ya Afrika mavazi ya kigeni. Ugomvi wao ni wa watu wenye elimu, tena ni wa nyumbani. Ni vema tuusikilize.

Ndugu zangu, nimesema mambo mazito, nami nisingependa sanduku letu liwe zito tu. Liwemo na la kuburudisha roho. Shaaban Robert alikuwa mtumishi kama sisi, karani wa forodha kwa miaka mingi, na aliandika nje ya saa za kazi. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, Karama ashtakiwa kwa kuwafundisha watu elimu ya sheria. Hajitetei kwa matusi: asimulia habari za wajumbe waliotumwa, wakarudi na faida, nao wakaadhibiwa. Na mwenzi wa kitabu hicho uwe Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare uliofasiriwa na Julius Nyerere na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Humo umati wamsikia Brutus, wakubali. Wamsikia Antonio, wageuka. Tujiulize kama nasi hatufanani na umati ule kila tusomapo gazeti.

Najua litaulizwa: vitabu viwili viwili si gharama maradufu? Naam, ni gharama. Basi na tununue juu ya mambo machache zaidi. Afadhali sanduku lenye mambo matano yaliyosikilizwa pande zote mbili kuliko lenye mambo kumi yaliyosikilizwa upande mmoja. Tena naomba kila jozi ifungwe kwa uzi, na mtunza sanduku asimwazime mtu kimoja bila cha pili.

Vitabu vya mtihani vitampandisha mmoja wetu cheo, nami nitampongeza. Lakini siku atakapoketi katika kiti hicho ataletewa taarifa ya soko, na kutakiwa aandike kama watu wana chakula. Natamani awe amekwisha kukisoma kitabu nilichokisoma mimi nikiwa nimechelewa.