Elimu ya Moto Haitoshi kwa Chaki



Kutoka Diani hadi Msambweni, paa la makuti ni jambo la kawaida, juu ya nyumba za wenyeji na juu ya hoteli za ufuoni pia. Paa hilo lina siri impasayo kila mwanafunzi wa uzimaji moto. Makuti hupangwa ili yamwage mvua. Basi moto ukiisha kuingia kati ya tabaka zake, maji yarushwayo juu humwagika kama mvua ile ile, na ndani moto huendelea kula.

Maneno hayo yaweza kuandikwa ubaoni yakakaririwa. Lakini aliyekariri si sawa na aliyeona. Ndiyo sababu masomo ya moto vyuoni yahitaji maabara. Michael Faraday alilitambua hilo: katika Krismasi ya mwaka 1860 alianza mjini London mihadhara sita kwa vijana juu ya mshumaa, akiyathibitisha maneno yake kwa majaribio.

Kwale yaweza kufundisha kwa vitu vyake yenyewe. Kwanza, mshumaa ufunikwe kwa gilasi: huzimika ingawa nta ingalipo, kwa kukosa hewa. Pili, makuti matatu madogo yenye uzito mmoja yawashwe kwa chini, moja limelazwa, moja limeinamishwa, moja limesimamishwa, na muda uhesabiwe. Lililosimama hutangulia, kwa kuwa ulimi wa moto hulipasha joto lililo juu yake. Tatu, kipande cha paa kisichowashwa kimwagiwe maji, kisha kifunuliwe: ndani ni kikavu.

Jaribio la mafuta yawakayo afanye mwalimu peke yake, nje, kwa kiasi kidogo. Maji yakigeuka mvuke huongezeka mara 1,700 hivi, yakayarusha mafuta yenye moto. Kifuniko huuzima kwa utulivu.

Kila mara mwanafunzi akisie kwanza, aandike, apime, kisha aeleze kwa nini alikosea. Ndoo ya mchanga na maji viwe karibu kabla ya kiberiti kuwashwa.

Kanuni za Kenya za mwaka 2007 juu ya hatari ya moto kazini zaagiza mazoezi ya kujiokoa walau mara moja kwa mwaka. Watakaoyaongoza ni vijana hawa. Kosa la maabarani hugharimu kipande cha kuti. Kosa la kazini hugharimu roho ya mtu.