Uwanja wa Michezo: Mali ya Usharika au Mzigo?

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za usharika na wafadhili



Ofisi yetu ya miradi hupokea maombi ya kujenga viwanja vya michezo kwenye ardhi ya usharika. Tunayafurahia, kwa maana vijana wetu wanahitaji mahali pa kukutana. Lakini maombi mengi huorodhesha gharama za kujenga tu: kusawazisha ardhi, magoli, uzio na vyoo. Ni machache yanayoeleza nani atalipwa kufyeka majani mwaka wa tatu baada ya uzinduzi, na kwa fedha ipi. Hapo ndipo miradi mingi hufia.

Tuanze na mapato. Kamati nyingi hutegemea viingilio. Hata viwanja vikubwa vimeshindwa kwa njia hiyo. Uwanja wa Cape Town, Afrika Kusini, ulijengwa kwa zaidi ya randi bilioni 4 kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010. Baada ya mashindano, kwa miaka mingi mapato yake hayakutosha kuuendesha, ikabidi jiji lijazie. Jiji lina kodi za wananchi. Usharika una sadaka.

Je, uwanja hauna faida ya kiuchumi? Inayo, ila tuitafute mahali pake.

Faida ya kwanza iko kwenye ujenzi wenyewe. Tukimleta mkandarasi wa mbali na vibarua wake, fedha za mfadhili hupita kijijini na kuondoka. Tukinunua mawe, mchanga na matofali kwa wenyeji, na kuajiri mafundi na vibarua wa hapa, fedha zilezile hulipa ada za shule na madeni ya dukani kabla mpira wa kwanza haujapigwa.

Faida ya pili ni biashara inayouzunguka uwanja: mama lishe, wauza matunda, waendesha bodaboda. Hapa tuwe wakweli. Mkazi anayenunua soda uwanjani badala ya dukani kwa jirani hajaongeza kitu. Fedha imehama mfuko tu. Fedha mpya huletwa na wageni. Kwa hiyo uwanja ulio karibu na shule na barabara, unaoweza kupokea michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA ngazi ya kata au tarafa, una nafasi kubwa zaidi kuliko ule uliojificha nyuma ya kilima, hata kama ardhi ya kule ni ya bure.

Sasa tuangalie gharama ambayo haiandikwi, nayo ni maji. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Kuumwagilia kwa kina cha milimita 5 tu kunahitaji lita 35,700, yaani ndoo 1,785 za lita 20. Katika kijiji ambacho akina mama huamka alfajiri kufuata maji, hatuwezi kuunga mkono uwanja unaoshindana nao kisimani. Tupande ukoka unaostahimili ukame, tuupande mvua zinapoanza, na tukubali kwamba wakati wa kiangazi uwanja utakuwa wa vumbi.

Tusiwasahau mabinti. Uwanja wa netiboli una mita 30.5 kwa 15.25, eneo lake halifiki sehemu 1 ya 15 ya uwanja wa mpira. Kuuacha nje ya mpango kwa kisingizio cha gharama si haki.

Kuhusu utunzaji, tunao mfano wa majirani zetu. Mwaka 1987 ilianzishwa MYSA katika eneo la Mathare, Nairobi. Timu za vijana zilipewa pointi za ligi si kwa kushinda tu, bali pia kwa kusafisha mitaa yao. Nasi tunaweza kufanya hivyo: timu inayofyeka na kuziba mashimo ipate pointi. Hata hivyo kazi ya kujitolea ina mipaka. Mlinzi na mtunza vyoo lazima walipwe.

Kwa hiyo, ndugu wajumbe, kila ombi litakalofika kwetu lionyeshe mambo manne: hati ya ardhi kwa jina la taasisi, si la mtu, bajeti ya uendeshaji ya miaka mitano, chanzo cha mapato kisicho viingilio, kama vile vibanda vya kupangisha, na kamati ya uwanja yenye wanawake na vijana. Ombi lisilo na haya tutalirudisha likakamilishwe.

Nanyi wafadhili wetu, tunawashukuru sana. Tunawaomba mtusaidie kujenga kidogo na kutunza kwa muda mrefu. Heri uwanja mmoja wenye mfuko wa matengenezo kuliko vitatu vyenye mabango mazuri na magoli yaliyoanguka.

Katika Luka 14, Bwana anamtaja mjenzi wa mnara ambaye hakukaa kwanza kupiga hesabu. Tukae sasa, tuzipige zetu.