Chumvi Haipandi Mbinguni: Kutoka Mito ya Upare hadi Bahari ya Shamu

(Nakala ya mhadhara uliotolewa Same)

 

Mzee mmoja alimaye mpunga tambarare alitusimamisha njiani akatuuliza: "Mwalimu, maji tufunguliayo shambani yatoka mlimani, nayo ni matamu, twayanywa. Basi huu weupe unaotanda juu ya udongo na kuunguza miche yangu umetoka wapi? Wenzangu waniambia nizidishe maji." Swali hili ni la shamba, lakini jawabu lake ni lile lile la swali watuulizalo watoto wa madrasa: ikiwa mito humimina maji matamu baharini, kwa nini bahari ina chumvi?

Ukweli ni kuwa hapana mto ulio mtamu kabisa. Mvua inyeshapo juu ya Shengena huwa imekwisha kuchukua hewa ya ukaa angani, ikapata ukali kidogo. Ifikapo chini huula mwamba polepole na kuondoka na madini yake, sodiamu ikiwa mojawapo. Ulimi hauyahisi kwa uchache wake. Maji hayo huingia katika ndiva zetu, hushuka kwa Mto Yongoma na mingineyo, hukutana na Mkomazi, kisha Pangani, na mwisho wake ni Bahari ya Hindi. Huko jua huyainua maji yakawa mawingu, lakini chumvi haipandi pamoja nayo. Ukiongeza klorini iliyotoka katika volkano na chemchemi za moto za vilindini, na ukahesabu mamilioni ya miaka, utaelewa kwa nini kila kilo ya maji ya bahari leo ina wastani wa gramu 35 za chumvi.

Shamba la mzee wetu, basi, ni bahari ndogo. Maji huingia, jua huyavuta, na pasipo mfereji wa kuyatoa, chumvi haina pa kwenda.

Sasa tutazame mahali ambapo kazi hii ya jua ni kubwa mno, nako ni Bahari ya Shamu. Bahari hiyo haipokei mto wa kudumu hata mmoja, mvua yake ni haba, na jua huondoa juu yake takriban mita mbili za maji kila mwaka. Kwa hiyo upande wa kaskazini chumvi hufikia gramu 40 katika kila kilo. Maji yenye chumvi nyingi ni mazito, na yapatapo baridi huzidi uzito, yakazama. Hayo yaliyozama hutambaa chini kuelekea kusini na kutokea Babul-Mandab, huku maji mepesi ya Bahari ya Hindi yakiingia kwa juu. Sisi tuliosoma Kiarabu tulifasiriwa jina hilo kuwa ni Lango la Maombolezo. Kilichokuwa kikipita chini ya lango hatukuambiwa.

Na hapa tuseme jambo. Zimeenea kanda zidaizo kuwa maji ya bahari mbili hayachanganyiki kamwe. Huchanganyika. Maji ya Shamu yateremkapo katika Ghuba ya Aden hukorogana na jirani zake, kisha hutulia katika kina cha mamia ya mita. Alama yake ya chumvi wataalamu wameifuata kusini, mbele ya pwani ya Afrika Mashariki, hadi mlango wa Msumbiji. Mpaka upo, na unapimika, lakini si ukuta. Anayetaka kushuhudia na aende mdomoni mwa Mto Pangani bahari ijaapo.

Safari haiishii Msumbiji. Mkondo wa Agulhas hupeleka sehemu ya maji ya Bahari ya Hindi, yenye joto na chumvi, kuizunguka ncha ya kusini ya Afrika hadi Atlantiki. Chumvi hiyo husaidia maji ya Atlantiki, yafikapo karibu na Greenland na kupoa, yawe mazito kiasi cha kuzama na kuanza mkondo wa chini unaozunguka dunia kwa karne nyingi. Leo barafu ya Greenland inayeyuka na kumwaga maji matamu mahali pale pale yanapopaswa kuzama mazito. Jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi lilisema mwaka 2021 kuwa kuna uwezekano mkubwa sana mzunguko huo utadhoofika katika karne hii. Ukidhoofika, mikanda ya mvua ya nchi za joto nayo yaweza kuhama.

Tumrudie mzee wetu. Tulimwambia kuwa kuzidisha maji pasipo njia ya kutokea ni kuzidisha chumvi, kwani kila maji yaingiayo huja na fungu lake. Achimbe kwanza mfereji wa kutolea, kisha ndipo afungulie maji mengi yaioshe ardhi. Alikubali, na amekwisha kuchimba hadi mpakani. Tatizo ni kuwa maji hayo ya chumvi lazima yapite penye shamba la jirani yake wa chini, naye amekataa, na hatuwezi kusema hana haki. Tumeombwa tukazungumze nao Jumamosi, baada ya swala ya alasiri.