KALAMU YA MWANACHUO: MSAADA UPO, NANI ANAUULIZA?

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa vyuo na wazazi wao, Kona Baridi, katika darasa la mwezi wa Ramadhani)



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu mlioacha majiko yenu saa hizi za Alasiri mkaja kukaa na sisi kwenye upepo huu wa Kona Baridi, Mwenyezi Mungu (s.w.) awalipe kheri na azikubali swaumu zetu.

Mada niliyopewa ni uandishi chuoni. Pengine kuna anayesema moyoni, hii ni mada gani ya Ramadhani? Ndugu yangu, wahyi wa kwanza uliteremka katika mwezi huu huu. Ulianza na amri ya kusoma, na ndani yake ikatajwa kalamu. Basi tusione haya kuizungumzia kalamu.

Hebu tuanze na shida yenyewe. Mtoto wetu anamaliza kidato cha nne akiwa amezoea insha ya KCSE, maneno kama 400, ya kutunga kutoka kichwani. Anaingia chuo, muhula haujafika nusu, anaambiwa alete kurasa kumi zenye hoja, ushahidi na marejeleo. Hakuna aliyemwonyesha daraja la kuvukia kutoka kule kuja huku. Anaona haya kuuliza, ananyamaza. Miaka inapita, masomo ya darasani anayamaliza yote, halafu anakwama kwenye mradi wa mwaka wa mwisho. Nyumbani wanauliza, "Unamaliza lini?" Naye hana jibu. Karo imelipwa, ng'ombe wameuzwa, kazi haijaandikwa.

Sasa basi, msaada upo wapi?

Kwanza, upo darasani. Vyuo vikuu vingi vya Kenya vina somo la lazima la mwaka wa kwanza, Stadi za Mawasiliano. Si jambo geni katika nchi zetu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi hizo mwaka 1978, baada ya kuonekana kwamba wanafunzi wanaingia chuoni bila nguvu za kutosha za kusoma na kuandika kitaaluma. Lakini sisi tunalifanyaje somo hili? Tunaliita somo la kupitia tu, tunakopi noti usiku wa mtihani. Jamani, humo ndimo mnamofundishwa kupanga aya, kufupisha kitabu na kuandika marejeleo. Lishike somo hilo kama unavyolishika somo lako kuu.

Pili, upo maktaba. Mkutubi hakuwekwa pale kunyamazisha watu tu. Kazi yake ni pamoja na kukuonyesha namna ya kutafuta makala za utafiti ambazo chuo kimelipia, na namna ya kuzitaja. Ukisoma Umma University hapo Kajiado, au Africa Nazarene kule Rongai, au Daystar pale Athi River, au popote pale, wiki hii nenda maktaba uulize maswali mawili: mafunzo ya kutafuta vitabu na makala hutolewa lini? Na je, chuo kina ofisi ya kuwasaidia wanafunzi kuandika? Kuuliza si ujinga.

Tatu, yupo mhadhiri na msimamizi wako. Lakini usimwendee mikono mitupu. Ukimwambia, "Mwalimu, sielewi," hana pa kukushika. Mpelekee swali ulilopewa, rasimu yako hata kama ni mbovu, na umwoneshe pale ulipokwama. Swali lenyewe lisome vizuri: kueleza si kujadili, na kujadili si kulinganisha. Wengi wanaanguka kwa kujibu swali ambalo hawakuulizwa.

Nne, kwa wenye simu, na sote tunazo, Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kilifungua maabara ya uandishi mwaka 1976, na tangu miaka ya 1990 kimeweka mafunzo yake kwenye intaneti bure. Bando unaloliweka kwa ajili ya video za kuchekesha linatosha kukufundisha kuandika marejeleo.

Nitoe mfano wa hapa kwetu. Mwanafunzi anaandika: "Ardhi ya Kitengela imegawanywa sana." Ni kweli, lakini hayo ni mazungumzo ya kwenye matatu. Msomi ataulizwa: tangu lini? Kwa nini? Nani kasema? Basi atafute. Atakuta sheria ya mwaka 1968 iliyounda ranchi za vikundi, atakuta jinsi ranchi hizo zilivyokuja kugawanywa kwa watu binafsi, atakuta eneo la viwanda vya kuuza nje lililofunguliwa Athi River miaka ya 1990 na wafanyakazi waliotafuta nyumba karibu. Atakuta pia kwamba sheria ile ya 1968 ilifutwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Kila jambo akilitaja, aseme amelitoa wapi. Hapo ana aya: hoja moja, ushahidi, kisha maelezo yake mwenyewe.

Na sisi Waislamu jambo hili si geni. Wanavyuoni wetu wa Hadithi hawakupokea neno bila isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Msururu ukikatika, Hadithi inadhoofika. Marejeleo ya chuoni yana roho hiyo hiyo, ya kurudisha neno kwa mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo zito. Wapo vijana wetu wanaolala saa kumi alfajiri wakiwaandikia kazi wanafunzi wa Ulaya na Marekani kwa malipo. Mwaka 2024 ilitoka filamu ya The Shadow Scholars, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, anakutana na vijana hao. Akili wanazo, tena kali; shahada anapata mwingine. Najua njaa ipo na kodi ya nyumba haingoji. Lakini tuiite kwa jina lake: ni udanganyifu, na Mtume (s.a.w.) alituonya vikali juu ya kughushi. Uingereza nayo ilipitisha sheria mwaka 2022 inayofanya kuwa kosa la jinai kuwauzia wanafunzi wa England kazi hizo. Kijana mwenye kipaji hicho akiandike kwa jina lake: mapendekezo ya miradi, ripoti, tafsiri, uhariri. Hiyo ni riziki ya halali.

Na anayenunua kazi, au anayeiachia ChatGPT imwandikie yote, ajue kwamba mashine hizo hutunga hata marejeleo ya vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa. Ni isnadi ya uongo. Siku ya kuitetea kazi mbele ya jopo, mashine haiji kukaa kwenye kiti chako.

Wazazi, na nyinyi mna fungu lenu. Mkiuliza matokeo, ulizeni pia, "Umeandika nini wiki hii? Hebu nisomee." Hata mama ambaye hakusoma sana anaweza kusema, "Hapa sijakuelewa, mwanangu." Na mara nyingi pale pale asipoelewa mama, mhadhiri naye hataelewa.

Mwisho, nawapa kazi ya Ramadhani. Baada ya Alfajiri, kabla hujarudi kulala, andika maneno 200 ya kazi yako ya chuo. Mwezi ukiwa wa siku 29 utakuwa na maneno 5,800. Ukitimia 30, una 6,000. Hiyo ni sura nzima ya mradi. Kila Jumamosi kaeni watatu au wanne msikitini baada ya Alasiri, kila mmoja asome ya mwenzake na amwulize maswali. Msisifiane tu. Saidianeni.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na kalamu zetu azifanye shahidi kwa ajili yetu, zisiwe dhidi yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.