Kuchagua Intaneti ya Nyumbani Wampembe

Intaneti ya nyumbani huchaguliwa kwa kuangalia kwanza njia inayofika mahali husika, ndipo bei ifuatie. Mijini, njia mojawapo ni waya wa shaba wa simu, ambao kasi yake hupungua kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu. Nyingine ni faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo unaosafirisha taarifa kwa mwanga, ambao haupotezi kasi kwa namna hiyo.

Kwa kaya nyingi za Wampembe, hata hivyo, njia iliyo karibu ni mawimbi ya mnara wa simu. Kwa kuwa Wampembe iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, chini ya miinuko ya Ufipa, mlima ukisimama kati ya mnara na nyumba huweza kuzuia mawimbi, hivyo mtandao ulio imara kwa jirani huenda ukawa dhaifu hatua chache tu mbele.

Kwa sababu hiyo, wasikilizaji wanashauriwa kuazima laini ya kila mtandao, kuijaribu ndani ya nyumba asubuhi na usiku, na kununua kifurushi kidogo kabla ya kununua ruta, yaani kifaa kinachogawa intaneti kwa simu kadhaa. Malalamiko ya huduma hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma, kisha TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini Tanzania.

Wasikilizaji wakumbuke: mawimbi hupimwa kwanza, kifurushi hununuliwa baadaye.